Pesa za Kaskazi, Shida za Kusi: Jinsi ya Kuiandaa Nyumba Kabla ya Msimu Mgumu

Muulize mvuvi yeyote wa Gazi, Shimoni au Vanga, atakwambia mwaka una nusu mbili. Kuna kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari ikiwa shwari na samaki wakipatikana. Halafu kuna kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, upepo ukivuma kwa nguvu na mitumbwi midogo ikishindwa kuvuka mwamba. Siku nyingi za kusi mvuvi hushinda ufukweni akishona nyavu na kuangalia mawimbi.

Lakini kalenda hii si ya wavuvi peke yao. Mwezi wa Mei, Diani huwa kimya. Wageni wamerudi kwao, baadhi ya hoteli zinapunguza wafanyakazi au zinafunga kwa ukarabati, na mama anayeuza viazi karai pale Ukunda anaona tofauti siku hiyo hiyo. Anayesuka nywele ufukweni anaiona. Tuktuk inayosubiri abiria mbele ya supamaketi inaiona.

Na ni wakati huo huo ambapo mvua za masika zinanyesha, mbu wanaongezeka, malaria inapanda, na muhula wa pili wa shule unafunguliwa. Shambani nako pesa za mbegu na vibarua zimeshatoka, mavuno bado.

Kwa ufupi: pwani ya kusini, miezi ambayo watu wanaugua zaidi ndiyo miezi ambayo mifuko iko mitupu zaidi. Hiyo si bahati mbaya. Inajirudia kila mwaka, na jambo linalojirudia linaweza kupangiwa. Makala haya yanahusu kupanga huko: pesa za kaskazi zivushwe vipi hadi kusi, ili mtoto akipata homa saa sita usiku mtu asianze kutafuta wa kumkopa.

Pigo moja linagharimu kiasi gani?

Watu wengi wakiulizwa gharama ya ugonjwa hutaja bei ya dawa tu. Tupige hesabu kamili ya kaya ya mfano. Baba ni mvuvi, mama anauza bajia na viazi karai, watoto wawili, na bibi mmoja. Mtoto anazidiwa usiku na anapelekwa Msambweni. Tuseme bodaboda na nauli ni shilingi 800. Dawa ambazo hazikupatikana hospitalini, 1,500. Chakula cha mgonjwa na anayemuuguza kwa siku 3, shilingi 900. Na kwa siku hizo 3 mama hakuwasha karai, kwa hivyo faida ya 1,800 imepotea. Jumla ni shilingi 5,000.

Ona kwamba dawa ni chini ya theluthi ya pesa zote. Zilizobaki ni safari, chakula na kazi iliyosimama. Mgonjwa akipewa rufaa hadi Makadara, hapo Mombasa, ongeza safari ya zaidi ya kilomita 50, kivuko cha Likoni, na ndugu anayehitaji mahali pa kulala.

Bima nzuri inaweza kulipa kitanda na daktari. Hailipi bodaboda. Wala hairudishi mtaji wa bajia ulioliwa. Ndiyo maana kila nyumba inahitaji vitu viwili tofauti: bima ya gharama kubwa, na akiba ya dharura ya hizi gharama za pembeni. Tutarudi kwenye hesabu hii baadaye.

Simu ilibadilisha nini hasa?

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, matangazo yalihusu kutuma pesa nyumbani. Watafiti wawili, Tavneet Suri na William Jack, walitaka kujua kama kuna zaidi ya hapo. Walifuatilia kaya kote nchini, na mwaka 2014 walichapisha walichokiona. Kaya ambayo haitumii huduma hii ikipatwa na pigo, kama ugonjwa, ukame au kupoteza kazi, matumizi yake yalishuka kwa takriban asilimia 7. Kaya inayotumia ilipopatwa na pigo kama hilo, matumizi yake hayakushuka.

Sababu ni rahisi. Aliye na pochi ya simu alipopata shida alitumiwa pesa na watu wengi zaidi, na walio mbali zaidi. Mwaka 2016 watafiti hao hao walikadiria kwamba huduma hii ilikuwa imezitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya, na waliofaidika zaidi ni nyumba zinazoongozwa na wanawake.

Neno la kushika hapo ni "mbali". Fikiria chama cha wanawake 15 wa kijiji kimoja, wote waume zao ni wavuvi. Siku mmoja akiugua, kumi na wanne wanamsaidia. Lakini kusi ikikaza, wote 15 wamekwama siku moja, na chama hakina wa kumsaidia mwenzake. Ukame ni hivyo hivyo, na mafuriko ni hivyo hivyo. Jirani ni mtu wa kwanza kukimbilia, lakini jirani naye maji yameingia kwake.

Kwa hivyo nyumba iliyojipanga ina watu wake karibu na watu wake mbali. Kaka yuko Nairobi, dada yuko Saudia au Oman, binamu ni askari Nakuru. Mapigo ya Kwale hayawafikii siku hiyo hiyo. Wasiwe watu wa kupigiwa wakati wa shida tu, maana simu ya aina hiyo hata wewe ungechoka kuipokea. Kubalianeni mapema, katika siku za raha:

"Kaka, sikupigii kukuomba pesa leo. Nataka tukubaliane tu. Mama akilazwa, wewe unashika nini na mimi ninashika nini?"

"Mimi nitashika nauli na dawa, dadangu. Nitumie nambari ya mtu atakayekuwa naye hospitalini."

Mazungumzo ya dakika 2 kama hayo, yakifanywa Januari, yanaokoa saa nyingi za kuhangaika mwezi wa Juni.

Funzo la pampu za Kwale

Tuzungumzie maji, kwa sababu magonjwa mengi ya hapa kwetu yanaanzia kwenye mtungi. Na kuhusu maji, Kwale imefundisha dunia mambo.

Pampu ya mkono aina ya Afridev, ile ambayo leo utaikuta vijijini katika nchi nyingi za Afrika na Asia, ilijaribiwa hapa Kwale miaka ya 1980. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, na watu wakaachana na maji ya mabwawa. Tatizo lilikuja baadaye. Pampu ikiharibika, nani ataitengeneza? Kamati inaitisha mchango, wengine wanatoa, wengine wanasema hawana, mweka hazina anashukiwa, na wiki zinapita. Katika wiki hizo watu wanarudi bwawani, na kuhara kunarudi nyumbani.

Karibu mwaka 2013 na 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wao wa Kenya walifunga vifaa vidogo kwenye mikono ya pampu takriban 300 hapa Kwale. Kifaa kinahesabu jinsi mkono wa pampu unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, ofisini wanajua. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya mafundi inayoitwa FundiFix, hapa Kwale na kule Kitui. Jamii inalipa ada ndogo kila mwezi kwa simu, na pampu ikiharibika fundi anakuja ndani ya siku 3.

Angalia kilichobadilika. Pampu ni ile ile na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni wakati wa kulipa. Badala ya kuchanga pampu ikiwa imeshakufa, watu wanalipa kidogo kidogo ikiwa bado inafanya kazi. Na kwa kuwa malipo yanapitia simu, kila shilingi ina ujumbe wake wa kuthibitisha. Mweka hazina hana la kujitetea, na mwanachama hana la kushuku.

Vifaa hivyo vilifichua jambo lingine ambalo wengi hawakulitarajia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia taarifa za pampu 266, ilionekana kwamba msimu wa mvua matumizi ya pampu yalipungua kwa asilimia 34 yakilinganishwa na kiangazi. Siku moja baada ya mvua kubwa, yalipungua kwa asilimia 68. Pale ambapo upungufu ulikuwa mkubwa zaidi, asilimia 86 ya kaya zilitegemea pampu peke yake kwa maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua walikuwa asilimia 6 tu.

Sababu inaeleweka. Mvua imenyesha, maji yako mlangoni, nani atatembea hadi pampuni na ndoo kichwani? Lakini maji ya kwanza ya paani yanashuka na vumbi na kinyesi cha ndege, na ya bwawani yamebeba kila kilichosombwa na mvua, choo kikiwemo. Kwa hivyo msimu ambao maji ni mengi ndio msimu wa kuwa macho zaidi. Kinga mvua, ndiyo, lakini acha maji ya mwanzo yaoshe paa kwanza, funika chombo, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Ya bwawani yabaki bwawani, maana hata kuyaogelea kunaweza kumletea mtoto kichocho.

Dawa ya maji, neti, na pakiti chache za ORS ndivyo vitu vya bei nafuu kuliko vyote katika makala haya. Vinunuliwe Machi, kabla ya tone la kwanza.

Shilingi 10 kwa siku

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF haipo tena, kuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Maswali ni mengi, kwa hivyo tuyaweke wazi yale ya msingi.

Kwanza, kujiandikisha ni bure. Unapiga *147# kwa simu yoyote, hata kabambe, na nambari yako ya kitambulisho. Andikisha pia mume au mke na watoto. Mtoto asiyeandikishwa chini yako atakuletea usumbufu dirishani siku anaumwa.

Pili, huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Hapo unahitaji kuwa umeandikishwa tu. Lakini kuanzia hospitali za ngazi ya 4, kama ile ya rufaa ya Msambweni au ya Kinango, lazima mchango wako uwe umelipwa.

Tatu, mchango. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha anapewa kiwango chake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hapa ndipo wengi wanakwama: kwa asiye na mshahara, mchango unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. 300 mara 12 ni shilingi 3,600, na mtu aliyezoea kupata 500 leo na 200 kesho akiisikia 3,600 anaondoka.

Basi igawanye. 3,600 kwa siku 365 ni chini kidogo ya shilingi 10 kwa siku. Ukitaka kuimaliza katika siku 150 za kaskazi peke yake, wakati pesa zinaonekana, ni shilingi 24 kwa siku. Fungua mfuko wa akiba kwenye simu yako, upe jina "SHA", na usiuguse hadi ufike. Serikali pia ina mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokuwezesha kulipa kwa awamu. Huo ni mkopo, kwa hivyo soma masharti na gharama zake kabla ya kukubali.

Sasa turudi kwenye ile akiba ya dharura ya 5,000. Kwa siku 150 hizo hizo, ni takriban shilingi 34 kwa siku. Jumlisha na 24 za SHA, unapata 58 kwa siku, au kama 400 kwa wiki. Si pesa kidogo, hatutakudanganya. Kuna nyumba ambazo haziwezi kufika hapo. Kama ni yako, anza na SHA, kisha nauli ya kufika hospitali. Akiba ya 800 ambayo ipo ni bora kuliko ya 5,000 iliyo kichwani.

Kufunga akiba au kuiacha wazi?

Swali hili tunaulizwa sana. Akiba ya kufungwa, ambayo huwezi kuitoa kabla ya tarehe, ni nzuri au mbaya?

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilifanyia utafiti suala hili magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Watu walipewa sanduku la kawaida lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Hakuna riba wala sharti lolote. Kuwa na mahali salama pa kuweka pesa tu kuliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kuzitengea pesa kazi maalumu kulisaidia kwa namna mbili: pesa zikiwa za dharura, au kama mwenye akiba ni mtu anayeombwa ombwa sana na ndugu na marafiki.

Kwa hivyo jijue. Kama wewe ndiye "benki ya ukoo", kila mtu akikwama anakupigia, akiba iliyofungwa inakupa jibu la heshima: "Pesa ziko, lakini zimefungwa hadi Aprili." Husemi uongo na hujamvunjia mtu heshima. Pesa za SHA na za shule zinafaa kufungwa hivyo. Lakini nauli ya hospitali usiifunge kamwe. Akiba ya dharura isiyofunguka saa sita usiku haikusaidii.

Chama, mweria na Sarafu

Wamijikenda wana desturi ya mweria: leo tunalima kwako, kesho kwangu, zamu inazunguka. Hakuna pesa inayopita mkononi, lakini kila mtu anajua nani amelimiwa na nani bado anadai. Ni akiba iliyowekwa kwa jasho.

Wazo hilo limefika kwenye simu. Shirika la Grassroots Economics, lililoanzisha Bangla-Pesa kule mtaa wa Bangladesh, Mombasa, mwaka 2013, baadaye lilianzisha Sarafu, na Kinango ikawa mojawapo ya ngome zake. Sarafu si shilingi. Ni kama vocha za jamii: mwenye mahindi anazipokea kutoka kwa fundi wa baiskeli, naye anazitumia kwa muuza mboga. Kipindi cha Korona, watu walipokosa shilingi ilhali bidhaa na kazi zipo, vocha hizi zilizunguka. Taarifa zilizochapishwa, za kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2021, zinaonyesha watumiaji takriban 40,000.

Tunalitaja hili, ingawa si bidhaa yetu, kwa sababu linafundisha kutofautisha shida. Kuna wakati kijiji kina chakula na nguvu za kufanya kazi lakini shilingi hazipo, kama migodi ya Base Titanium ilipositisha uchimbaji Desemba 2024 na mishahara ikakatika. Hapo mweria na vocha zinasaidia sana. Na kuna wakati chakula chenyewe hakipo. Hapo hakuna vocha itakayozaa mahindi. Inahitajika pesa kutoka nje, au akiba ya zamani.

Kwa chama chenu, tunapendekeza mambo matatu. Pesa zikae kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, zisikae kwenye laini ya mweka hazina. Tengeni mfuko wa afya ulio mbali na ule wa mzunguko, ili zamu ya mtu isiliwe na ugonjwa wa mwingine. Na jaribuni kuwa na wanachama wa kazi tofauti. Mke wa mvuvi, mwalimu, mwenye duka, mkulima wa korosho na kijana wa Nairobi hawatakwama siku moja.

Jamii ya Gazi imefika mbali zaidi. Kupitia Mikoko Pamoja, inalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 imekuwa ikiuza hewa ya ukaa. Mapato yameingia kwenye maji na shule za kijiji, na wanakijiji wenyewe wanaamua. Mikoko hiyo hiyo inavunja nguvu ya mawimbi na kulea samaki. Wenzao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata mwaka 2019.

Mbuzi mmoja mapema

Kinango na sehemu za juu za Lunga Lunga, adui mkubwa ni jua. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Aliyekuwa na mbuzi 10 mara nyingi alingoja, akitumaini mvua ya kesho. Alipoamua kuuza, kila mtu alikuwa anauza, mbuzi wamekonda, na bei imeanguka.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kuhusu Kwale, ikieleza kama hali ni ya kawaida au ya tahadhari. Muulize chifu, au sikiliza redio. Taarifa ikianza kusema tahadhari, uza mbuzi mmoja au wawili wakiwa bado wanene, na weka pesa kwenye simu. Wanaobaki watapata malisho zaidi, nawe utanunua unga bila kukopa.

Maji yakiingia

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilitukumbusha kwamba mambo huharibika kwa saa chache. Barabara ikikatika, wakala wa kijijini hafiki benki, na pesa taslimu zinamwishia. Salio unalo, lakini huwezi kulitoa. Msimu wa mvua kubwa ukitangazwa, fanya haya:

1. Weka shilingi 500 hadi 1,000 za noti ndogo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, pamoja na kitambulisho na kliniki ya mtoto.

2. Chaji simu kila umeme unapopatikana. Kabambe ya zamani inakaa na chaji siku kadhaa na huduma zetu zinapatikana bila intaneti.

3. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako. Wazee wengi wanatumia laini ya mtoto, na ikipotea hawawezi kuirudisha wenyewe.

4. Muulize mwenye duka kama anapokea malipo kwa simu. Anayepokea atakuuzia unga hata wakala akiwa ameishiwa.

5. Nambari muhimu ziandike kwenye karatasi: zahanati, mhudumu wa afya wa jamii, bodaboda unayemwamini, ndugu wa mbali.

Na jihadhari na matapeli, kwa sababu maafa ndiyo sikukuu yao. Ujumbe ukisema, "Umechaguliwa kupata msaada wa mafuriko, tuma 250 ya usajili," futa. Msaada wa kweli haukuombi pesa kwanza. Mzee anayepokea Inua Jamii, ile shilingi 2,000 ya kila mwezi, asimpe mtu yeyote nambari yake ya siri, hata mjukuu anayemsaidia kusoma ujumbe. Aende na mtu anayemwamini, lakini vidole vibonyeze vyake.

Mkopo wa simu pia huonekana mtamu wakati wa dharura. Ukilazimika, kopa kwa aliyeidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya, na jiulize swali moja: pesa za kulipa zitatoka wapi, na lini? Mkopo wa siku 30 uliochukuliwa Mei utadaiwa Juni, na Juni kusi bado inavuma.

Anza wiki hii

Usingoje mwaka mpya. Leo piga *147# uhakikishe nyumba nzima imeandikishwa. Kesho fungua mifuko miwili kwenye simu: mmoja wa SHA, uliofungwa, na mmoja wa nauli ya hospitali, ulio wazi. Jumapili mpigie yule ndugu wa mbali mkubaliane. Mkutano ujao wa chama, leta hoja ya mfuko wa afya.

Upepo utageuka Aprili kama kawaida. Akiba haba haba ya kaskazi ndiyo itakayolipa bodaboda.